Mbwa anayejikuna: kutambua mzio na kuutibu kwa mpangilio

MzeeWaBanda

Wakuu, swali linalorudi kila mara ni "mbwa wangu anajikuna, nimchome sindano gani?" Kabla ya sindano kuna kazi ya kufanya, na uzi huu ni wa kazi hiyo.

Mzio wa mbwa haufanani na wetu. Sisi tukipatwa na aleji tunapiga chafya na kutokwa machozi. Kwa mbwa sehemu kubwa huishia kwenye ngozi: anajikuna, anasugua uso kwenye zulia au ukutani, anatikisa masikio, anaburuza makalio, na analamba miguu hadi manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu. Hili la kulamba miguu wengi hulichukulia kuwa usafi au tabia. Mbwa anayelamba miguu ya mbele kila siku mara nyingi anawashwa.

Mizio mikubwa ya ngozi ni mitatu: wa mate ya kiroboto, wa chakula, na wa mazingira, yaani utitiri wa vumbi la ndani, chavua za nyasi na miti, na kuvu. Mbwa mmoja anaweza kuwa nayo miwili au yote mitatu kwa pamoja, ndiyo maana unautibu mzio mmoja anapata nafuu nusu, halafu mwenye mbwa anasema dawa haifanyi kazi.

Anza na mahali anapojikuna. Manyoya yakinyonyoka kiunoni, shina la mkia na nyuma ya mapaja, fikiria kiroboto kwanza. Akiwashwa uso, ndani ya masikio, makwapa, tumbo, kinena na nyayo, huku mgongo ukiwa safi, hapo ni mazingira au chakula, na kwa macho peke yake huwezi kutofautisha hiyo miwili. Lakini ukiona ukoko kwenye kingo za masikio, viwiko na vifundo vya miguu ya nyuma, acha kuwaza mzio. Huo mchukulie kuwa ni upele wa utitiri hadi uthibitike kuwa kitu kingine.

Pili, umri. Mzio wa mazingira kwa kawaida huanza kati ya miezi 6 na miaka 3. Mbwa wa miaka 8 ambaye hajawahi kuwashwa akaanza leo, tafuta vimelea, chakula au ugonjwa mwingine kwanza. Mzio wa chakula huanza umri wowote, na mara nyingi kwa chakula ambacho mbwa amekila miaka mingi. Kwa hiyo ile hoja ya "nyama ya ng'ombe anakula tangu mdogo" haiiondoi nyama kwenye orodha ya washukiwa. Kinyesi laini, gesi nyingi, kwenda haja zaidi ya mara 3 kwa siku na kuwashwa kuzunguka mkundu vinaelekeza zaidi kwenye chakula.

Mpangilio ni huu, na usiruke hatua: vimelea kwanza, maambukizi ya ngozi pili, chakula tatu. Kinachobaki baada ya hapo ndicho mzio wa mazingira. Hakuna kipimo cha damu cha kukuambia moja kwa moja kwamba mbwa huyu ana mzio wa mazingira. Unafika hapo kwa kuondoa mengine yote.

Nyota_ya_Kilindini

Mzee, kongole kwa uzi. Niongeze kwa upande wa viroboto, kwa sababu hapo ndipo watu wa pwani tunapokwama.

Mwenye mbwa hufunua manyoya, haoni kitu, anasema hana kiroboto. Mbwa mwenye mzio wa kiroboto mara nyingi hana viroboto wengi mwilini, kwa kuwa anajitafuna na kuwameza. Na hahitaji wengi, kuumwa mara chache kunatosha kumwasha kwa siku kadhaa. Pima hivi: chukua kitana cha meno ya karibu, kile cha chawa kinafaa, chana kiunoni na shina la mkia, kisha kung'uta uchafu wote kwenye karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa maji. Vipunje vyeusi vikiyeyuka na kuacha doa jekundu la kahawia, hicho ni kinyesi cha kiroboto, damu ya mbwa iliyosagwa. Udongo hauachi doa jekundu.

Viroboto wazima unaowaona kwa mbwa ni kama asilimia 5 tu ya wote waliopo. Waliobaki ni mayai, funza na pupa, wako kwenye tandiko, nyufa za sakafu, mchanga wa kivulini na chini ya kochi. Pupa ndiye msumbufu. Gamba lake halipenyezi dawa, na anaweza kukaa miezi ndani akisubiri mtikisiko au joto la mwili likipita karibu. Ndiyo maana unampulizia mbwa dawa leo, baada ya wiki mbili viroboto wapo tena. Dawa haikushindwa. Hao ni wapya.

Kwa hivyo ratiba yoyote ya kiroboto iwe angalau miezi 3 mfululizo, na itibu kila mbwa na kila paka wa boma, hata asiyejikuna. Tandiko lifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 na zaidi. Funza wa kiroboto hukimbia mwanga na hufa akikauka, basi toa vitu vyote bandani, fagia hadi pembeni, anika juani, na fyeka vichaka anapopenda kulala mchana. Huku kwetu hakuna msimu wa baridi wa kuwapunguza, unyevu na joto vipo mwaka mzima, kwa hivyo anayesubiri msimu upite atasubiri sana.

Na jambo la kuua: dawa za mbwa zenye permethrini zisiguse paka. Paka akilala na mbwa aliyepakwa tu, anaweza kuanza kutetemeka na kufa.

NjiaPanda

Wakuu shukrani. Je, amitrazi ya kuogeshea ng'ombe? Maduka mengi ya mifugo ndiyo wanayokupa, kipimo ni "kofia moja kwenye ndoo". Na ivamektini ya ng'ombe je?

Dokta_Kware

Ndugu NjiaPanda, "kofia kwenye ndoo" si kipimo. Kofia zinatofautiana na ndoo zinatofautiana.

Amitrazi ya asilimia 12.5 ina gramu 125 kwa lita. Kwa mbwa mwenye utitiri, mchanganyiko wa kawaida ni 2 ml kwa lita 1 ya maji, unaokupa sehemu 250 kwa milioni. Pima kwa sirinji. Mwogeshe kwanza kwa shampuu, mpanguse, halafu mmwagilie mchanganyiko mwili mzima kwa sponji, usimsuuze, akauke mwenyewe mahali penye hewa. Vaa glavu. Changanya kila mara upya, usitunze mabaki ya jana kwenye chupa kwa sababu dawa huharibika, na iliyoharibika huwa na sumu zaidi. Usitumie kwa mtoto chini ya miezi 4, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, mbwa mwenye kisukari, wala Chihuahua. Mbwa akizubaa sana, akapoa mwili, mapigo yakashuka, msuuze kwa maji mengi na umkimbize kwa daktari, dawa ya kuigeuza ipo.

Halafu jambo ambalo dukani hawasemi: amitrazi ni nzuri kwa kupe na utitiri, lakini kwa kiroboto ni dhaifu. Unaweza kumwogesha nayo kila wiki na mzio wa kiroboto ukabaki palepale.

Ivamektini ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa ml. Mbwa wa kilo 20 kwa kipimo cha 0.2 mg kwa kilo anahitaji 0.4 ml. Mtu aliyezoea kuchoma ndama akivuta 4 ml amempa mara kumi. Na kuna jamii ambazo hata kipimo sahihi cha kutibu upele kinawaangusha: Collie na ndugu zake, Australian Shepherd, na baadhi ya German Shepherd, kwa sababu ya kasoro ya jeni inayoiachia dawa kuingia ubongoni. Mbwa anayumba, anapofuka, anatoka mate, anazimia. Mbwa wa mchanganyiko hujui damu yake ina nini. Kwa hiyo mimi simshauri mtu aichome nyumbani.

Kilicho salama zaidi sasa ni vidonge vya kundi la isoksazolini: NexGard, Simparica na Credelio kila mwezi, Bravecto kila wiki 12. Vinaua kiroboto, kupe na utitiri wa upele kwa pamoja. Bei ni kubwa kuliko josho, kweli, lakini hesabu pia gharama za miezi sita ya kubahatisha. Mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari kujua.

Upele wa sarkoptesi, yaani ule wa utitiri unaokaa kingo za masikio na viwiko, una mtego. Ukikwangua ngozi na kuangalia darubini, mara nyingi utitiri hauonekani ingawa upo. Kwa hiyo tunatibu kwa kushuku. Sugua ncha ya sikio la mbwa kati ya vidole kwa sekunde 5. Mguu wa nyuma wa upande ule ukianza kukuna hewa, na nyumbani kuna mtu ana vipele vinavyowasha mikononi au tumboni, usisubiri darubini. Tibu mbwa wote wa boma. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya utitiri kufa, usikate tamaa siku ya tano.

Na kwa heshima zote, oil chafu ya gari, dizeli, na dawa za choo zenye fenoli zisipakwe kwenye ngozi ya mbwa. Zinaunguza, zinaingia mwilini kupitia vidonda, na mbwa anamalizia kwa kuzilamba. Ini na figo ndivyo vinavyolipa.

Kipimo_Darubini

Niingie hatua ya pili, maambukizi. Mzio hubomoa ukuta wa ngozi, kisha bakteria na kuvu ambao siku zote wapo kwa uchache wanazaliana. Hao nao wanawasha. Unaweza kukuta nusu ya mwasho ni wao, na ukiwaacha, hata dawa ghali ya mzio itaonekana maji.

Bakteria huonekana kama vipele vidogo vyenye usaha, au miduara yenye ukingo unaobanduka magamba, zaidi tumboni na kinena. Watu huiita mapunye na kununua dawa ya mapunye. Kuvu wa Malassezia ana harufu ya mafuta yaliyochacha, ngozi inanata, baadaye inakuwa nyeusi na nene, kucha zinapata rangi ya kahawia kwenye shina, na masikio yanatoa nta nyeusi.

Kipimo chake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, daktari yeyote mwenye darubini anaweza. Selotepu angavu inabandikwa mara kadhaa kwenye ngozi yenye shida, kati ya vidole kwa mfano, inatiwa rangi, inabandikwa kwenye kioo, inaangaliwa kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Malassezia ana umbo la punje ya karanga isiyomenywa. Bakteria wa duara wakiwa ndani ya chembe nyeupe za damu, hayo ni maambukizi halisi, si wapita njia. Usaha wa sikio hivyo hivyo, kwa pamba ya kijiti iliyoviringishwa kwenye kioo.

Ombeni pia kukwanguliwa kwa kina kwa ajili ya demodeksi, utitiri wa aina nyingine. Ngozi inaminywa kwanza, inakwanguliwa kwa wembe butu hadi damu ichungulie, inawekwa kwenye mafuta ya parafini. Demodeksi mwanzoni hawashi sana, anaacha vipara usoni na miguuni, na prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza mwasho, humfanya afurike. Kipimo hiki cha dakika kumi kinaokoa mbwa wengi wanaochomwa sindano ya "aleji" huku tatizo lao likiwa utitiri.

Tiba ianze na ngozi yenyewe. Shampuu ya klorheksidini asilimia 2 pamoja na mikonazoli asilimia 2, mara 2 kwa wiki kwa wiki 3. Isiyo na mikonazoli iwe na klorheksidini asilimia 3 au 4. Maji yawe ya baridi au vuguvugu kidogo, maji ya moto huongeza mwasho. Lowesha hadi kwenye ngozi, paka, kisha weka saa: dakika 10 kamili povu likiwa mwilini. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanapaka na kusuuza papo hapo, pesa inaenda na maji. Usiingize machoni wala ndani ya tundu la sikio. Kausha vizuri kati ya vidole na kwenye mikunjo.

Antibayotiki za kumeza ni za maambukizi mapana au yaliyozama, kwa mfano sefaleksini 22 hadi 30 mg kwa kilo mara 2 kwa siku hadi ngozi ipone kabisa, wiki kadhaa si siku tano. Maambukizi yakirudi mara kwa mara, yaoteshwe maabara kabla ya kubadilisha dawa kiholela, kwa sababu Staphylococcus wa ngozi ya mbwa wenye usugu wapo.

Shamsa_B

Ahsanteni walimu. Sabuni ya unga au ya kipande ya kufulia haifai kabisa? Na mafuta ya nazi?

Kipimo_Darubini

Dada Shamsa, sabuni za kufulia zina ukali unaoondoa mafuta ya ulinzi wa ngozi, mbwa mwenye mzio anazidi kukauka na kuwashwa. Kama shampuu ya mbwa haipo, shampuu ya watoto wachanga isiyo na manukato ni nafuu kwa kuosha tu, haitibu. Mafuta ya nazi kwenye ngozi kavu hayana shida, lakini kwenye ngozi inayonata na kunuka usipake, Malassezia hupenda mafuta.

MzeeWaBanda

Sasa chakula. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo majaribio mengi yanapoharibika.

Kinachomdhuru ni protini anayoila mara kwa mara. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, yakikusanya mbwa 297 wenye mzio wa chakula uliothibitishwa, yalikuta nyama ya ng'ombe asilimia 34, maziwa 17, kuku 15, ngano 13. Mahindi yalikuwa karibu 4. Tazama sahani ya mbwa wa huku kwetu: dona, mabaki ya nyama ya ng'ombe, vichwa na miguu ya kuku, dagaa. Washukiwa wakubwa wawili wako hapo kila siku.

Njia pekee ya kuaminika ni kumlisha chakula ambacho mwili wake haukijui, kwa wiki 8, bila kitu kingine chochote. Wiki 5 zinaonyesha nafuu kwa zaidi ya mbwa 8 kati ya 10 wenye tatizo hili, wiki 8 zinafikisha zaidi ya 9. Wiki mbili hazikuambii lolote.

Andika kwanza kila alichowahi kula, pamoja na maziwa ya utotoni. Kisha chagua protini moja na wanga mmoja visivyomo. Sungura ni chaguo zuri sana, anapatikana kwa wafugaji na mbwa wachache wamemla. Nguruwe pia, kwa nyumba inayomruhusu, lakini awe wa kuchemshwa hadi aive kabisa, si kitimoto cha kuchoma chenye chumvi na viungo. Mbuzi na kondoo usivitegemee kwa mbwa aliyekulia ng'ombe, protini zao zinakaribiana. Bata na kanga hivyo hivyo kwa aliyekulia kuku. Na mbwa wa dagaa usimpe sato au sangara ukasema umembadilishia. Dagaa ni samaki. Wanga uwe viazi vitamu au viazi mviringo badala ya dona. Mhogo unafaa ukimenywa na kuchemshwa vizuri, maji yake yamwagwe.

Kwa mbwa mzima wa kilo 20 asiye na kazi nzito, kwa siku: gramu 250 za nyama ya sungura iliyochemshwa, bila mfupa, gramu 600 za viazi vitamu vilivyochemshwa, na kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya alizeti. Hiyo ni takriban kalori 1,100, igawe mara mbili. Bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, bila kiungo cha mchuzi cha pakiti. Mpime uzito kila baada ya wiki 2, akikonda ongeza viazi na nyama kwa uwiano uleule. Mbadilishie taratibu kwa siku 4 hadi 5 asiharishe. Mlo huu hauna kalsiamu na madini ya kutosha, mbwa mzima anavumilia wiki 8, mtoto anayekua havumilii. Mtoto apewe chakula maalumu cha dukani chenye protini iliyovunjwavunjwa, chini ya daktari. Akipona na mlo ukawa wa kudumu, lazima uongezewe madini.

Mambo yanayoharibu jaribio: mlinzi anampa mabaki usiku. Watoto wanaangusha biskuti. Mbwa anatoka getini na kufukua jalala. Anakula kinyesi cha paka au cha kuku. Anapewa kidonge ndani ya kipande cha soseji. Na hili ambalo hata madaktari husahau, vidonge vya kutafuna vya kiroboto vingi vina ladha ya nyama, ini au soya. Suluhisho: mpe dawa ya wiki 12 siku chache kabla ya kuanza mlo, imfunike muda wote, au tumia ile ya kudondoshea shingoni. Mtu mmoja tu nyumbani awe na jukumu la kulisha, na wengine wote waelezwe, pamoja na jirani.

Kila Jumapili mpe alama ya mwasho kutoka 0 hadi 10 na uiandike. Kumbukumbu ya kichwani inadanganya. Anayewashwa sana anaweza kupewa prednisoloni na daktari wiki 2 au 3 za mwanzo, kisha isimame, maana wiki za mwisho lazima ngozi ijisemee yenyewe bila dawa.

NjiaPanda

Mkuu, akipona si basi, anabaki hapo?

MzeeWaBanda

Hapana, bado hujathibitisha. Mrudishie chakula cha zamani kamili. Mwenye mzio wa chakula ataanza kuwashwa tena ndani ya saa chache hadi siku 14. Akianza, mrudishe kwenye mlo wa jaribio hadi atulie, kisha jaribu kitu kimoja kimoja kwa wiki 2: ng'ombe peke yake, kuku peke yake, mahindi peke yake. Mara nyingi unakuta anakatazwa kitu kimoja au viwili tu, na dona lake anarudishiwa. Asipowashwa baada ya kurudishiwa chakula cha zamani, nafuu ilitoka kwingine: viroboto waliisha, au chavua ilipungua.

Shamsa_B

Na vile vipimo vya damu, mate au manyoya vinavyotangazwa mtandaoni kwamba vinaonyesha vyakula 100 anavyovikataa?

Dokta_Kware

Dada, usitumie pesa huko. Kwa mzio wa chakula vipimo hivyo haviaminiki, mbwa mzima kabisa hutoka na orodha ndefu ya makatazo. Vya mate na manyoya vimewahi kutoa "majibu" hata kwa sampuli zisizo za mbwa. Kipimo cha damu au cha kudunga ngozini kina kazi moja, kuchagua cha kuweka kwenye chanjo ya mzio kwa mbwa ambaye tayari tumekubaliana ana mzio wa mazingira. Chanjo hiyo huwasaidia zaidi ya nusu ya mbwa, ila inadai uvumilivu hadi miezi 12.

Basi tumalizie huo wa mazingira. Hauponi, unadhibitiwa maisha yote, na mwenye mbwa ajue hivyo tangu siku ya kwanza ili asihame daktari kila mwezi.

Prednisoloni ni ya bei nafuu na ipo kila mahali. Kwa mbwa wa kilo 20, 0.5 mg kwa kilo mara 2 kwa siku ni miligramu 10 asubuhi na 10 jioni, yaani vidonge 2 vya miligramu 5 kila mara, pamoja na chakula. Akitulia, ndani ya wiki moja hivi, shuka hadi mara moja kwa siku, halafu siku moja ndiyo siku moja hapana, hadi kiwango cha chini kabisa kinachomtosha. Usikate ghafla baada ya wiki nyingi. Atakunywa maji sana, atakojoa sana, atakuwa na njaa isiyoisha. Kamwe usichanganye na dawa za maumivu kama meloksikamu au karprofeni, tumbo linaweza kutoboka. Sindano za muda mrefu za kundi hili ndizo "sindano ya aleji" inayosifiwa: anapoa wiki kadhaa, lakini ikishaingia huwezi kuitoa, na ikirudiwarudiwa inaleta misuli kuyeyuka, tumbo kuning'inia, kisukari na ngozi nyembamba inayoshika maambukizi.

Apoquel, kidonge cha kukata mwasho, ni 0.4 hadi 0.6 mg kwa kilo mara 2 kwa siku kwa siku zisizozidi 14, kisha mara 1. Inakata mwasho ndani ya saa 24, haifai kwa mbwa chini ya miezi 12 wala mwenye maambukizi makubwa. Cytopoint ni sindano ya mwasho ya kila wiki 4 hadi 8, haina shida na umri wala ini, ila lazima ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 tangu inatoka kiwandani. Uliza ilisafirishwaje. Siklosporini, dawa inayotuliza kinga ya mwili, 5 mg kwa kilo kwa siku, ni ya mtu asiye na haraka, wiki 4 hadi 6 ndipo inaonekana.

Dawa hizo zinapungua kiasi ukifanya kazi za nyumbani: kumwogesha kila wiki, kumfuta nyayo na tumbo kwa kitambaa chenye maji akitoka kwenye nyasi, kulala kwenye vigae au kitanda chenye shuka linalofuliwa kila wiki badala ya zulia. Gunia la chakula kikavu likifunguliwa lifungwe vizuri, liishe ndani ya mwezi, utitiri wa maghala hustawi humo.

Nyota_ya_Kilindini

Daktari, watu watauliza Piriton na setirizini, hizi dawa za aleji za binadamu.

Dokta_Kware

Kwa mwasho wa kudumu zina nguvu ndogo. Setirizini 1 mg kwa kilo mara 1 kwa siku inaweza kupunguza dozi ya prednisoloni kwa baadhi ya mbwa, haitoshi peke yake. Soma kopo: yenye pseudoefedrini ndani inaua mbwa. Dawa za maji za mafua zenye parasetamoli au ksilitoli, marufuku.

Shamsa_B

Na mbwa akiumwa na nyuki je?

Dokta_Kware

Uso kuvimba na vinundu mwilini dakika chache hadi saa chache baada ya kuumwa na nyuki au kuchanjwa, lakini mbwa anatembea na ufizi ni wa pinki: mpeleke kliniki siku hiyohiyo, kwa kawaida anatulia kwa sindano. Mwiba wa nyuki ukwangue kwa kucha au kadi haraka uwezavyo.

Hatari yenyewe kwa mbwa haianzi na kifua kubana kama kwa binadamu, inaanza tumboni na kwenye ini. Kutapika na kuharisha ghafla, pengine damu, kisha ufizi kuwa mweupe, miguu kulegea, kuanguka. Hapo dawa ni adrenalini kwenye msuli, 0.01 mg kwa kilo. Ya 1 mg kwa ml, mbwa wa kilo 20 anapata 0.2 ml, ikifuatiwa na dripu. Vidonge vya aleji havitamwokoa, usipoteze dakika kumi kutafuta duka. Piga simu kliniki mkiwa njiani waiandae.

Kundi zima la nyuki likimvamia, hata asiye na mzio yuko hatarini kwa wingi wa sumu. Mkojo ukigeuka rangi ya chai au kahawa ndani ya siku 2 au 3, damu yake inavunjika na figo zinaumia, arudi kliniki. Kama kuna mzinga jirani, mbwa asifungwe mnyororo upande huo. Aliye huru hukimbia.